Kasi ya shata: jinsi ya kuichagua na kuitumia kwenye kamera ya dijitali

Picha ikitoka na ukungu, usikimbilie kuilaumu lenzi. Ifungue, ikuze hadi asilimia 100, kisha uangalie ukungu umekaa wapi. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ukuta, nguzo, watu na hata mawe yaliyolala chini, basi iliyotikisika ni kamera. Kama ukuta uko safi kiasi cha kuhesabu nyufa zake lakini mkono wa mtu umekuwa kivuli, aliyesogea ni mtu. Na kama majani yaliyo nyuma ya mtu ni makali kuliko macho yake, tatizo ni fokasi, yaani lenzi imelenga ukali mahali pasipo pake, na hapo kasi ya shata si dawa.

Ukungu wa aina mbili za kwanza ndio unaotuhusu. Kwa jicho la haraka unafanana, ila tiba zake ni mbali mbali, na wengi huzichanganya: hununua tripodi ili kutibu ukungu wa mtoto anayekimbia, au hupandisha kasi hadi 1/2000 ya sekunde kupiga jengo ambalo halijawahi kuondoka mahali pake.

Mapazia mawili na namba zake

Katika kamera nyingi za lenzi za kubadilisha, mbele ya sensa, yaani sehemu inayopokea mwanga wa picha, pana mapazia mawili membamba, nayo ndiyo shata. Unapopiga, la kwanza huifunua sensa, la pili hufuata nyuma na kuifunika. Muda ambao kila sehemu ya sensa imekaa wazi kati ya hayo mawili ndio kasi ya shata. Kwa 1/60 ya sekunde, pazia la kwanza humaliza safari yake, sensa yote ikabaki wazi kwa kitambo, ndipo la pili likaanza kushuka. Kwa 1/2000 mambo ni mengine: pazia la pili huondoka kabla la kwanza halijafika, na sensa hupata mwanga kupitia ufa mwembamba unaopita juu yake. Jambo hilo lishike, lina kazi tukifika kwenye flashi.

Namba zinapangwa hivi: sekunde 30, 15, 8, 4, 2, 1, kisha 1/2, 1/4, 1/8, 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000, 1/2000, 1/4000, na katika kamera nyingine 1/8000. Kila ukisogea hatua moja, mwanga unaoingia hupungua nusu au huongezeka mara mbili. Hatua hiyo ndiyo wapiga picha wanaiita stopu. Kamera nyingi huigawa stopu mara tatu, hivyo kati ya 1/125 na 1/250 utakutana na 1/160 na 1/200. Kwa vidole, maana yake ni kwamba mibofyo mitatu ya gurudumu ni stopu moja. Ukilizoea hilo utaweza kubadilisha kasi bila kuondoa jicho kwenye dirisha la kuchungulia.

Usomaji wa namba kwenye skrini una mtego wake. Kamera nyingi huandika 250 kumaanisha 1/250, lakini sekunde nzima huzitilia alama mbili ndogo za juu, kama hivi: 4". Basi 4 ni robo ya sekunde, na 4" ni sekunde nne kamili. Kati yake pana stopu nne, yaani mwanga mara 16. Picha nyeupe kabisa wakati wa jioni mara nyingi imetokana na alama hizo mbili ambazo hazikuonekana.

Kuiweka kwenye kamera

1. Zungusha gurudumu la modi hadi S, ambako unachagua kasi na kamera inachagua tundu. Kwenye Canon na Pentax herufi ni Tv. Baadhi ya kamera za Fujifilm hazina gurudumu hilo: weka pete ya tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga) kwenye A, kisha chagua namba kwenye gurudumu la shata lililo juu ya kamera. Kwenye simu, tafuta modi ya Pro. Simu nyingi tundu lake halibadiliki, kwa hiyo itakayopanda na kushuka ni ISO peke yake, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga.

2. Weka ISO kwenye Auto na uipe kikomo. Kwa kamera ya miaka ya karibuni, 6400 ni kikomo kizuri cha kuanzia.

3. Zungusha gurudumu la vidole hadi kasi unayoitaka.

4. Bonyeza kitufe nusu na usome namba ya f, yaani ukubwa wa tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ikiwa inawakawaka, au kamera inaandika Lo, mwanga hautoshi: tundu limefunguka hadi mwisho na ISO imegota kwenye kikomo. Picha itatoka, ila itakuwa nyeusi. Punguza kasi, pandisha kikomo cha ISO au ongeza mwanga. Ikiandika Hi, au ikiwakawaka kwenye namba kubwa kama f/22, mwanga umezidi, na kasi ipandishwe.

5. Piga, kuza hadi asilimia 100, tazama. Skrini ndogo ya kamera hudanganya, kila picha juu yake huonekana kali mpaka uikuze.

Modi ya S ni shule nzuri ya kujifunzia, lakini wapiga picha wengi huiacha baadaye. Kwa kazi za kawaida ni rahisi zaidi kukaa kwenye A, ambako unachagua tundu, huku ukiweka ndani ya menyu ya Auto ISO kasi ya chini kabisa unayoikubali, tuseme 1/250. Kamera itapandisha ISO kabla ya kushuka chini ya hapo. Kwa michezo na ndege, weka M, ambako unachagua mwenyewe kasi na tundu, pamoja na Auto ISO: kasi na tundu vinabaki pale pale ulipoviweka, ISO peke yake inafuata mwanga.

Kamera ikitikisika mkononi

Kanuni ya kale ni kwamba kasi isishuke chini ya moja juu ya urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 inahitaji 1/50 au zaidi, ya milimita 200 inahitaji 1/200 au zaidi. Sababu yake iko wazi: lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono yako.

Kanuni hiyo ilipangwa kwa filamu ya milimita 35. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C hukata pembeni na hivyo kukuza zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 1.5, au 1.6 kwenye Canon. Kwenye Micro Four Thirds, sensa ndogo zaidi, zidisha kwa 2. Milimita 200 kwenye APS-C inakuwa 1/300, na namba iliyo karibu kwenye gurudumu ni 1/320. Tena kanuni haikutegemea sensa ya megapikseli 24 au 45 inayotazamwa kwa asilimia 100. Ukitaka picha ya kuchapishwa kubwa, ongeza stopu nzima na usione umezidisha.

Lenzi au kamera yenye kidhibiti mtikisiko inakurudishia stopu kadhaa. Kikikupa stopu tatu halisi, ile 1/200 inashuka hadi 1/25 na jengo bado likatoka safi. Watengenezaji hutangaza stopu tano au zaidi. Chukua namba ya kwenye boksi kama kikomo cha siku nzuri, na ujipimie mwenyewe kwa kupiga ukuta wa matofali kwa kasi mbalimbali. Kumbuka tu kidhibiti kinatuliza kamera. Anayecheza ngoma ataendelea kucheza, na kwa 1/25 atakuwa moshi mbele ya ukuta mkali.

Mikono nayo ina namna yake. Viwiko vibanwe mbavuni, kamera ikae juu ya kiganja cha kushoto, pumzi itolewe nusu, na kitufe kibonyezwe kwa kukandamiza polepole. Kukidonoa kunaishusha kamera wakati ule ule shata inafunguka. Ukiwa kwenye kasi ya mashaka, piga mfululizo wa picha tatu au nne bila kuachia kitufe. Ya katikati mara nyingi ndiyo kali, kwa sababu kidole hakikuwa kinakandamiza wala kuachia.

Mhusika akisogea: pima kwa upana wa fremu

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo miongozo mingi huishia kutoa orodha ya namba bila sababu. Swali la kujiuliza ni moja: wakati shata iko wazi, huyu ninayempiga atasogea umbali gani ndani ya fremu?

Chukua mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa, ambazo ni kama mita 1.4 kwa sekunde, akikatiza mbele yako. Fremu yako inachukua upana wa mita 3 pale alipo, na sensa ina pikseli 6000 kwa upana, kama zilivyo nyingi za megapikseli 24. Kila pikseli moja ni nusu milimita ya uhalisia. Kwa 1/60 mtu huyo anasogea milimita 23, nazo ni pikseli 46 za ukungu. Uso wake hautambuliki vizuri ukikuza. Kwa 1/250 ni milimita 5.6, pikseli 11. Kwa 1/1000 ni pikseli tatu tu. Sasa ipunguze picha ile ile hadi pikseli 1080 za kutazamwa kwenye simu: zile 11 zinakuwa mbili, hakuna atakayeziona. Ndiyo maana picha inayopendeza kwenye simu inaweza kukuaibisha ikichapwa ukutani.

Rudi nyuma hadi fremu ichukue mita 30. Mtu yule yule, kwa 1/60 ile ile, ukungu wake ni chini ya pikseli tano. Kumbe mwendo wa kitu peke yake hautoshi kuamua. Umbali na lenzi vinaingia kwenye hesabu. Treni ya mbali hugandishwa kwa kasi ambayo haitoshi kumgandisha kuku aliye miguuni pako.

Kutokana na hapo unapata hesabu fupi ya kichwani. Kwa picha za kutazamwa kwenye skrini, ruhusu mhusika asogee sehemu moja ya elfu ya upana wa fremu. Fremu ya mita 3 inaruhusu milimita 3. Gawanya mwendo kwa ruhusa hiyo: mita 1.4 gawanya kwa mita 0.003 ni kama 470, basi weka 1/500. Mkimbiaji wa mita 6 kwa sekunde katika fremu hiyo hiyo anataka 1/2000. Mpe nafasi, fremu iwe ya mita 10, naye atatosheka na 1/640. Gari la kilomita 60 kwa saa huenda karibu mita 17 kwa sekunde. Kwa fremu ya mita 10 hesabu inakupa 1/1700, nawe unaweka 1/2000.

Hesabu hii ni ya kitu kinachokatiza fremu kutoka upande hadi upande. Kikija kwa mshazari, kasi inaweza kushuka stopu moja. Kikija moja kwa moja kuelekea kamera, stopu mbili: 1/500 badala ya 1/2000. Hapo tatizo huhamia kwenye fokasi, nayo iwekwe kwenye hali ya kufuata, AF-C, au AI Servo kwenye baadhi ya Canon.

Viungo navyo huenda kasi kuliko mwili. Mguu wa mtu anayetembea, mkono wa mpiga ngoma, bawa la ndege, vyote hupita haraka zaidi ya kiwiliwili. Kwa maoni yetu si lazima kuvigandisha vyote. Uso ukiwa mkali na vidole vya mpiga ngoma vikawa na ukungu kidogo, picha inasikika. Vikigandishwa kabisa, mara nyingi anaonekana kama ameegesha mikono juu ya ngozi. Ndege ya pangaboi ni mfano wa wazi: kwa 1/2000 pangaboi husimama na ndege inaonekana kama imezima injini angani. Shuka hadi 1/250 au 1/125 ili mapanga yachore duara, kisha uifuate ndege kwa kamera.

Kuna pia wakati ambapo mwendo wenyewe unapumzika. Anayeruka akifika kileleni, bembea ikifika mwisho wake, mcheza dansi anapogeuka: kwa kitambo hicho mwendo unakaribia sifuri, na 1/250 inafanya kazi ambayo sekunde nusu kabla ingehitaji 1/1000. Katika ukumbi wenye giza, kuvizia kitambo hicho kunaokoa picha nyingi.

Namba za kuanzia, ukiwa huna nafasi ya kupiga hesabu: mtu aliyetulia kwa picha ya uso, 1/160 (hata aliyetulia hupepesa na kupumua), watu wakizungumza na kutembea, 1/250, watoto wakicheza, 1/500 hadi 1/1000, michezo ya kukimbia, 1/1000 hadi 1/2000, ndege wakubwa wakiruka, 1/1600, ndege wadogo, 1/3200 na kuendelea.

Kulipia kasi

Kasi haiji bure. Tuseme uko ndani ya ukumbi na kipima mwanga kinasema 1/60, f/4, ISO 800. Wachezaji wanataka 1/500. Kutoka 1/60 kwenda 1/125, 1/250, hadi 1/500 ni stopu tatu, na stopu hizo lazima zitoke mahali. Fungua tundu hadi f/2.8 kama lenzi inafika huko: umelipa moja. Pandisha ISO kutoka 800 hadi 1600 hadi 3200: umelipa mbili zilizobaki. Mwanga wa picha ni ule ule, ila eneo lililo kwenye fokasi limekuwa jembamba kidogo na chembechembe zimeongezeka.

Wengi wanaogopa chembechembe kupita kiasi. Wanabaki ISO 400 na 1/40, kisha wanarudi nyumbani na picha mia za watu wasio na sura. Chembechembe zinaweza kupunguzwa na programu, na zikichapishwa kwa ukubwa wa kawaida hupungua zenyewe machoni. Ukungu wa mwendo hauna tiba ya kuaminika. Ukilazimika kuchagua kati ya hayo mawili, panda ISO.

Ukiwa juani na huna imani na kipima mwanga, ipo kanuni ya jua na f/16: jua likiwa kali, kwa f/16 kasi ni moja juu ya ISO. ISO 200 ni 1/200 kwa f/16, sawa na 1/1600 kwa f/5.6. Ukiona kamera inakupa 1/60 mchana kweupe, kuna kitu umekisahau, kwa kawaida ni fidia ya mwanga (mpangilio wa kuing'arisha au kuitia giza picha) iliyobaki kwenye +3 au tundu lililofungwa hadi f/22.

Kasi ndogo kwa makusudi

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha iko tupu, kwa sababu mwanga ulikusanywa kwa dakika kadhaa na waliokuwa wakipita hawakuacha alama. Anayeonekana ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na mng'arishaji wake kwa mbali. Njia hiyo bado inafanya kazi: ukitaka kuondoa watu mbele ya jengo, piga kwa dakika mbili au tatu. Wanaopita watafutika, aliyesimama kuongea na simu atabaki.

Kwa maporomoko ya maji fuata utaratibu huu:

1. Simamisha kamera kwenye tripodi. Vuta kwanza vipande vinene vya miguu; nguzo ya katikati iache chini, ikipandishwa hutikisika kwa upepo mdogo.

2. ISO 100, tundu f/8 au f/11. Usikimbilie f/22 ili kupata muda mrefu. Kwenye tundu dogo namna hiyo mwanga hutawanyika kingoni na picha nzima hupoteza ukali.

3. Soma kasi bila filta. Tuseme ni 1/60.

4. Weka fokasi, kisha uihamishe kwenye M ya lenzi (fokasi ya mkono) isibadilike. Baada ya filta nzito kamera inaweza kushindwa kuona.

5. Funga filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga. ND8 hula stopu tatu: 1/60 inakuwa 1/8. ND64 hula sita: inakuwa sekunde 1. ND1000 hula kumi: inakuwa kama sekunde 16.

6. Zima kidhibiti mtikisiko, hasa kwenye lenzi za zamani, kwani juu ya tripodi zinaweza kutafuta mtetemeko usiokuwepo na kuuleta zenyewe. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mguso wa kidole upite kabla ya shata kufunguka. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, ziba dirisha la kuchungulia, mwanga hupenya hapo na kuchafua picha.

Kwa maji, muda mrefu zaidi si bora zaidi. Kati ya 1/4 na sekunde 1 maji yanakuwa laini lakini nyuzi zake bado zinaonekana. Kwa sekunde 16 yanageuka pamba nyeupe isiyo na umbo, na majani ya kando nayo yanakuwa yamepigwa na upepo. ND1000 ihifadhi kwa bahari na mawingu.

Ukishapiga sekunde 30 usishangae kamera ikikaa kimya sekunde 30 nyingine bila kukujibu. Haijakwama. Inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa ili kuondoa vidoa vya joto la sensa. Kwa nyota na fataki, ambako hutaki kupoteza muda, izime kwenye menyu.

Nyota zina kikomo chake, maana dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Gawanya 500 kwa urefu wa fokasi uliokwisha kuzidishwa kwa sensa yako: milimita 24 inakupa kama sekunde 20 kabla nyota hazijawa vistari. Kwa sensa zenye pikseli nyingi gawanya 300 badala yake, upate sekunde 12. Fataki hupigwa kwa Bulb, modi ambayo shata hukaa wazi mpaka uifunge mwenyewe, ikifunguliwa kwa waya au rimoti roketi inapopanda na kufungwa mlipuko unapofifia, kwa kawaida sekunde 2 hadi 5, f/11, ISO 100. Taa za magari barabarani usiku zinataka sekunde 10 hadi 20, na muda mzuri ni wakati anga bado lina bluu.

Kumfuata mhusika kwa kamera

Hii ndiyo namna ya kupata baiskeli iliyo kali mbele ya mandhari yaliyovutika kama mistari. Elekeza nyayo zako pale unapotaka kumpiga, kisha pinda kiuno kuelekea anakotokea. Mshike kwenye fremu mapema, mfuate kwa mwendo wake, anza kupiga mfululizo kabla hajafika mbele yako, na uendelee kuzungusha kamera hata baada ya kuachia kitufe. Anayesimama ghafla anapobonyeza huharibu picha pale pale. Kwa mkimbiaji anza na 1/30, kwa baiskeli 1/40 au 1/60, kwa gari 1/100. Lenzi nyingi zenye kidhibiti zina modi ya pili, inayotuliza juu na chini tu, itumie. Ya kwanza itapigana na mzunguko wako.

Tegemea kutupa picha nyingi. Hata waliozoea huondoka na chache. Mhusika akiwa na ukungu wa juu na chini, unayumba. Akiwa na ukungu wa kando, mwendo wako na wake haulingani. Akija kwa mshazari, sehemu moja ya mwili wake itakuwa kali na nyingine hapana, nawe huna kosa. Subiri apite sambamba nawe.

Flashi, taa na shata ya kielektroniki

Kila kamera yenye mapazia ina kasi ya mwisho ya flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250. Ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo sensa yote bado huwa wazi kwa pamoja. Ukipita hapo, flashi huwaka wakati pazia limefunika sehemu, na picha hutoka na mkanda mweusi upande mmoja. Flashi zenye hali ya HSS (flashi ya kasi kubwa) hukwepa hilo kwa kupepesa mfululizo ufa ukiwa unapita, lakini nguvu yake hushuka sana. Ndani ya chumba chenye giza hutahitaji HSS: flashi ndogo kwa nguvu ya chini huwaka kwa muda mfupi mno, na mwako huo ndio unaogandisha mwendo, shata ikiwa 1/200 tu. Ukichanganya flashi na 1/15, chagua mwako wa pazia la pili, ili mvuto wa mwanga ukae nyuma ya mchezaji. Kwa pazia la kwanza mvuto hutangulia mbele yake, na anaonekana kama anarudi kinyumenyume.

Shata ya kielektroniki haina sauti, na kwenye kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari. Kwa kasi ya 1/8000 bado usomaji mzima unaweza kuchukua sehemu kubwa ya 1/30 ya sekunde. Ndiyo maana fimbo ya gofu hupinda, na nguzo huinama ukipiga ukiwa ndani ya basi linalokwenda. Kwa vitu vya haraka rudi kwenye shata ya kimakanika.

Michirizi ya giza na mwanga inayokatiza picha za ndani nayo chanzo chake ni hicho, ikikutana na taa. Umeme wa hertzi 50 hufanya taa nyingi za LED na za mirija kupepesa mara 100 kwa sekunde, wa hertzi 60 mara 120. Weka 1/50 au 1/100 kwa wa kwanza, 1/60 au 1/125 kwa wa pili, na michirizi hupotea au hupungua sana. Ukihitaji 1/500 chini ya taa hizo, tafuta kwenye menyu kipengele cha kuzuia kupepesa kwa taa. Kamera itachelewesha shata kidogo mpaka taa ifike kileleni, na kasi ya mfululizo inaweza kushuka. Wapiga video hukutana na jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu kawaida yao ni kuweka kasi mara mbili ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa 1/50, fremu 30 kwa 1/60. Fremu 30 chini ya taa za hertzi 50 zitapepesa kwa 1/60. Shusha shata hadi 1/50 na uache fremu zilivyo.